Uhunzi wa Mkono Mmoja na Nusu

Msomaji, miongoni mwa vyombo vyote vilivyomo nyumbani mwako, kimoja hushikwa kila siku na hakifikiriwi hata siku moja. Chombo hicho ni kisu. Kisu hulitangulia jiko, maana ni vichache viingiavyo chunguni kabla ya kupita katika makali yake. Mchinjaji hana kazi pasipo kisu, mvuvi na mkulima kadhalika, na mgema hapandi mnazi bila kotama kiunoni. Walakini ni haba watu wajuao jinsi kisu kinavyotengenezwa, na haba zaidi wapatao kujiuliza mkono uliokitengeneza ulikuwa wa namna gani. Nakusudia kukueleza habari za mkono mmoja. Ni mkono wangu, na kwa kipimo cha watu wengi haukustahili kukaa karibu na nyundo.

Mkono wangu wa kulia uliungua mwaka 1979, nilipokuwa na umri wa miaka mitatu. Mafiga matatu, chungu cha kunde, na mtoto aliyejua kukimbia kabla hajajua kusimama: nadhani hayo yatosha kukuonyesha jinsi ilivyokuwa. Jeraha lilipona. Lililodhuru zaidi ni kupona kwenyewe. Kovu la moto lina tabia ambayo wengi hawaijui. Ngozi mpya haitulii mara jeraha lifungapo, bali huendelea kujikusanya na kusinyaa kwa miezi mingi, na kama vidole havikunyoshwa na kufungwa gango wakati huo, huvutwa kuelekea kiganjani mithili ya jani linalonyauka. Vidole vyangu havikufungwa gango. Kidole cha pete na kidole cha mwisho vimelala kiganjani hata leo. Kidole cha kati hufunguka nusu. Kidole cha shahada na gumba huenda na kurudi, lakini ncha zao hazikutani. Kwa hiyo sindano siwezi kuiokota, kifungo cha shati siwezi kukifunga, na kalamu huishika kwa mkono wa kushoto. Lakini ndoo ya maji naweza kuitundika katika vidole vile vilivyokunjika na kwenda nayo mwendo mrefu, kwa sababu kulabu haichoki. Yashike mambo haya mawili, msomaji, sindano na ndoo, maana habari yote iliyobaki imesimama juu yake.

Nilipomaliza shule nilitamani ufundi wa chuma. Nilianza kwa kujaribu chuo kimoja cha ufundi, ambacho si lazima kulitaja jina lake. Bwana aliyekuwa akiwapima waombaji aliweka skrubu ndogo juu ya meza, akaniambia niiokote kwa mkono wa kulia. Niliitazama, nikaiokota kwa mkono wa kushoto, nikampa. Akaandika neno katika karatasi yake, kisha akamwita aliyenifuata. Hayo yalikuwa mwaka 1996. Baadaye nchi yetu ilipata sheria juu ya watu wenye ulemavu, mwaka 2003, na katiba ya mwaka 2010 ikazitaja haki zao katika kifungu cha 54. Nilizifurahia sheria hizo. Lakini naamini kwamba siku ile kasoro haikuwa katika sheria peke yake. Ilikuwa pia katika skrubu. Bwana yule alipima kuokota, akadhani kwamba amepima ufundi.

Wakati ule palikuwa na mzee mmoja wa Kikamba aliyefanya kazi ya uhunzi chini ya mkwaju huko Majengo, Mombasa. Alikuwa amehamia pwani tangu ujana wake. Fuawe yake ilikuwa kipande cha reli, na alipenda kuwaambia wageni kwamba reli ilianza kujengwa hapa hapa Mombasa mwaka 1896 ili yeye apate mahali pa kufulia chuma. Moto wake ulipepewa na feni ndogo iliyozungushwa na gurudumu la baiskeli, na juu ya gurudumu alikaa mwanafunzi yeyote aliyekuwa hana kazi nyingine.

Pwani hii na chuma wamejuana siku nyingi. Al-Idrisi, yule mwanajiografia aliyekamilisha kitabu chake huko Sicily mwaka 1154, alikitaja chuma kuwa bidhaa ya Malindi na Mombasa. Bara nako Wakamba walisifiwa kwa sime zao na kwa mikufu yao myembamba, na katika makabila kadha mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa kwa pamoja, hasa kwa laana yake. Kwa Wamaasai wahunzi walitengwa, na watu wengine hawakutaka kuoana nao. Ni ajabu kwamba aliyewapa watu mkuki ndiye aliyenyimwa binti.

Nilimwamkia mzee, akaitikia, akautazama mkono wangu kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama usoni. Hakuniambia niokote kitu. Alinipa ufito wa chuma baridi, wenye unene wa kidole gumba na urefu wa mkono mzima, akasema, "Nishikie huu, kijana, mpaka nimalize chai yangu." Kisha akanywa chai polepole kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona akinywa chai. Niliutia ufito katika vidole vilivyokunjika, mwisho wake nikaukaza kwapani, nikasimama. Kikombe kilipokwisha aliuvuta ufito kwa ghafla. Haukutoka.

"Mhunzi haokoti," akasema. "Kuokota ni kazi ya fundi wa saa. Mhunzi hushika. Wewe una mkono mmoja na nusu, kijana. Wengi wanaokuja hapa wana miwili, nami nikivuta chuma kinatoka."

Niliporudi nyumbani na habari hizo mama hakula chakula cha usiku. Ni yeye aliyenitoa motoni mwaka ule wa 1979, na tangu siku hiyo hakuna kiberiti kilichowekwa mahali nilipoweza kukifikia, hata nilipokuwa na ndevu. Aliniambia neno moja tu: "Moto umekwisha kula mkono mmoja, mwanangu, wataka kuupelekea na wa pili?" Sikuwa na jibu la kumpa, wala sidhani kwamba lilikuwako. Asubuhi nilikwenda kazini. Adhuhuri akaja ndugu yangu mdogo na sahani ya chakula iliyofunikwa kwa kawa, akakaa, akanitazama nikila, akaondoka na sahani. Akaja kesho yake, na kesho kutwa, na kila siku kwa muda wa mwaka mzima. Yeye mwenyewe aliniambia baadaye kwamba hakuwa akitumwa kuleta chakula. Alikuwa akitumwa kuhesabu vidole.

Ukisimama kumtazama mhunzi, msomaji, macho yako hufuata nyundo. Nyundo ina sauti, ina cheche, ina fahari. Lakini nyundo hupiga mapigo machache tu kabla chuma hakijapoteza joto lake, kisha hupumzika, na chuma hurudi motoni. Mkono wa pili, ule usiotazamwa na mtu, haupumziki: hushika chuma motoni, hushika juu ya fuawe, hukigeuza baina ya pigo na pigo, hukizamisha, hukitoa, na baada ya moto hukishika tena mbele ya tupa na mbele ya kinoo. Nilikwisha kutambua katika mwezi wa kwanza kwamba sehemu kubwa ya uhunzi ni kushika. Na jambo lililobadili maisha yangu ni hili, kwamba kushika si lazima kufanywe na vidole. Pete yaweza kushika. Mguu waweza kushika. Kwapa, goti, jiliwa, kabari na kamba vyote vyaweza kushika, na vingine hushika vizuri kuliko kidole cha mtu yeyote. Mtu hujikuna ajipatapo, walisema wazee, na mimi nilianza kuvitafuta vitu vya kunikunia pale nisipopata.

Kwanza nikueleze juu ya chuma chenyewe, maana si kila chuma hukubali kuwa kisu. Nondo za nyumba na vyuma vya madirisha ni laini. Waweza kuvifua upendavyo na kuvinoa upendavyo, na baada ya nyanya mbili makali yamelala. Tofauti ni kaboni. Springi ya lori ina kaboni karibu sehemu 6 katika kila sehemu 1,000, ilhali chuma laini cha milango aghalabu hakifikii hata sehemu 3. Mzee hakupima kaboni kwa chombo chochote. Alikigusisha chuma kwenye jiwe linalozunguka na kutazama cheche: cheche za chuma laini huruka ndefu na kavu kama nyasi, cheche za feleji hupasuka njiani na kuota matawi. Zaidi ya hayo hakupenda kutumia sehemu ya springi iliyo karibu na pale ilipovunjika, kwa kuwa chuma kilichobeba mizigo miaka mingi huwa na nyufa ambazo jicho halizioni.

Wanafunzi wengine walikata kipande cha urefu wa kisu na kukishika kwa koleo. Mzee alinikataza. Aliukata ubao mwembamba kwa urefu wote wa springi, nami nikakifua kisu katika ncha yake, hivi kwamba ncha ilikuwa motoni na mwisho wa pili, ulio baridi, ulikuwa kiganjani mwangu na chini ya kwapa. Ubao ulikuwa mwembamba mno kwa kulabu yangu, kwa hiyo niliuzungushia kamba ya katani iliyoloweshwa, duru kwa duru, mpaka unene wake ukalingana na nafasi iliyoko kati ya vidole na kiganja. Kisu kilipokwisha kupata umbo ndipo kilipokatwa kutoka katika ubao. Na kazi ilipohitaji koleo, koleo yangu ilikuwa na pete ya chuma iliyoteleza juu ya mikono yake miwili. Ukiisukuma pete nyuma, taya hukaza zenyewe na kubaki zimekaza. Usidhani kwamba pete hiyo ilibuniwa kwa ajili ya mlemavu. Wahunzi wenye vidole kumi huitumia, kwa kuwa nao huchoka.

Nyundo niliishika kwa mkono wa kushoto, ambao haukuwa na mazoea nayo. Kwa miezi miwili mzee alinipa udongo wa mfinyanzi badala ya chuma. Udongo na chuma kilichoiva hutii nyundo kwa namna moja: ukipiga kwa uso wa nyundo huenea pande zote, ukipiga kwa kichwa chembamba hurefuka upande mmoja. Udongo hauunguzi, wala haupoi, wala haukumaliza makaa ya mzee. Nilitengeneza visu vingi vya udongo, vikakandwa vyote na kuwa donge tena jioni.

Sasa nifike katika jambo ambalo ni la hatari, nami nakuomba ulisome kwa makini ikiwa una kovu la namna yangu. Ngozi iliyoungua sana haisikii joto vizuri. Mkono wangu wa kulia waweza kukaa juu ya chuma cha moto kwa muda wa kutosha kuungua kabla akili haijapata habari. Na chuma kina hila hii, kwamba chekundu humwonya kila mtu, lakini cheusi huweza kuwa na joto la digrii 400 kikaonekana kimelala kwa amani. Kwa hiyo mzee aliniwekea sheria mbili ambazo sikupata kuzivunja. Ya kwanza, kila chuma kilicholala karakanani ni cha moto mpaka maji yatoe ushahidi. Nilikuwa na kopo la maji na fagio dogo la nazi, na kabla ya kugusa nilinyunyiza. Ya pili, mgongo wa mkono wa kushoto hukaribia chuma kabla ya kiganja cha kulia. Wenzangu walicheka, wakasema kwamba napepea chuma pepo. Sikuona haya. Ndugu yangu alikuwa akija adhuhuri kuhesabu, nami nilitaka hesabu itimie.

Uzuri wa kazi hii uko katika moto wa mwisho, na hapo, msomaji, niruhusu nikawie kidogo. Kisu kilichokwisha kufuliwa huwa bado hakijawa kisu. Ni sura ya kisu. Kwanza hupashwa na kuachwa kipoe chenyewe hewani, mara tatu, ili chuma kitulie baada ya kupigwa. Halafu makaa huchaguliwa. Mzee alipenda makaa ya vifuu vya nazi, ambayo huwaka kwa joto kali na safi. Hakuwa na kipimo cha joto, ila alikuwa na sumaku aliyoitoa katika spika ya redio iliyokufa, ameifunga katika ncha ya kijiti. Sumaku hung'ang'ania chuma baridi. Chuma kikikaribia digrii 770 sumaku hukiacha, kana kwamba hawajapata kujuana. Ukiisha kuona hivyo huongeza joto kidogo tu, mpaka rangi iwe sawa toka shina hata ncha, kisha kisu huzamishwa katika mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto, wima, bila kuyumba. Maji hayafai kwa springi, maana hukipoza upesi mno, na mara nyingi utasikia mlio mdogo kama wa kigae, na huo ndio ufa.

Hapo napo vidole havitakiwi. Kinachotakiwa ni kufanya haraka na kwenda wima. Nililiweka kopo la mafuta karibu kabisa na moto, usawa wa goti langu, ili mkono usiwe na safari, bali ushuke tu.

Siku moja mzee alichukua vipande viwili vya springi, akavipasha, akavizamisha, akavivunja vyote kwa makusudi juu ya fuawe. Kimoja alikuwa amekiacha kikapata joto kupita kiasi. Mvunjiko wake ulikuwa na chembe kubwa zinazometameta kama sukari. Cha pili, kilichotolewa kwa wakati wake, kilikuwa na chembe laini za kijivu, kama majivu yaliyochungwa. "Hii sukari," akasema, "ni kisu kitakachokatika mkononi mwa mke wa mtu." Sikuhitaji somo jingine juu ya subira.

Kisu kitokacho mafutani ni kigumu, lakini ugumu wake ni wa kioo. Kikianguka sakafuni huweza kukatika. Lazima kilainishwe kidogo. Husuguliwa mpaka chuma kimete, kisha mgongo wake huwekwa juu ya bamba la moto, nawe hukaa kimya na kutazama. Rangi huanza kutembea kutoka mgongoni: kwanza rangi ya mabua makavu ya mpunga, kiasi cha digrii 200 na ushei, kisha hudhurungi, kisha zambarau, kisha samawati karibu na digrii 300. Kila rangi ni daraja la ulaini. Unangoja mpaka mgongo uwe samawati na rangi ya mabua iwe imefika makalini, ndipo unapokipoza kisu hima, kabla hudhurungi haijafika. Mgongo hupata unyumbufu na makali hubaki na ugumu wake. Nimelitazama jambo hili mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, nami bado huwanyamazisha watu rangi zianzapo kutembea.

Baada ya moto huja tupa na jiwe, ingawa kwa kweli tupa hutangulia sehemu yake, maana chuma kikishakuwa kigumu tupa huteleza juu yake. Makali huachwa na unene wa milimita moja hivi kabla ya moto wa mwisho, la sivyo hupinda au hupasuka. Kazi ya tupa ndiyo niliyoiogopa zaidi. Tupa hukata ikisukumwa mbele, na mwinamo wake lazima uwe ule ule tangu pigo la kwanza hata la mwisho. Mkono wangu haukuweza kuulinda mwinamo huo hata kwa mapigo matatu. Basi mzee na mimi tulisimamisha nguzo fupi mwishoni mwa meza, tukaifunga pete inayoweza kupandishwa na kushushwa. Tupa tuliifunga katika ufito mrefu, na ufito ukapita ndani ya pete. Kisu kililala bapa, kimefungwa kwa kabari. Nikisukuma kwa kiganja na uzito wa kifua, tupa haikuwa na njia nyingine ila njia iliyopangwa na pete. Kila bapa lilinichukua siku nzima, lakini mstari wake ulinyoka kama uzi wa mwashi. Mwezi haukwisha kabla wanafunzi wenye vidole vyao vyote hawajaanza kuja kuiazima meza yangu, na ikawa lazima niwapangie zamu.

Nitasema neno ambalo vijana hawapendi kulisikia. Ile mashine ya kusagia ishikwayo mkononi, ambayo mafundi huiita grenda, huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na ikikwama huruka. Hutaka mikono miwili iliyo kamili, na hata hiyo huijeruhi. Sikupata kuishika, wala sitaishika. Jiwe langu la umeme limefungwa mezani kwa bolti nne, na kisu ndicho kiendacho kwake kikiwa juu ya kibao, wala sivai glavu mbele yake, kwa kuwa jiwe likikamata nguo huvuta na kilichomo ndani ya nguo. Watu wameniambia kwamba ningetengeneza visu vingi zaidi kwa grenda. Huenda ni kweli.

Kisu changu cha kwanza kilichokubaliwa na mzee nilimpelekea mama, mwaka 1998. Kilikuwa cha jikoni, cha urefu wa shubiri, na mpini wa mwarobaini. Alikigeuza mkononi, akakijaribu kwa ukucha wa kidole gumba, akakifunga katika kipande cha kanga na kukitia sandukuni. Hakukitumia mwaka huo. Nilidhani kwamba hakimpendezi. Hata ilipofika arusi ya binti wa jirani, wanawake walipokaa uani kukata vitunguu vya pilau, nilimwona amekitoa. Mwanamke mmoja alitaka kukiazima, mama akamwambia kwamba hakiazimwi. Ndugu yangu hakuletwa tena karakanani adhuhuri.

Mpini una elimu yake. Mpingo ni mti mzuri sana kwa mpini, lakini umekuwa adimu, na hata wachonga vinyago wa Kikamba hapa Mombasa walianza zamani kugeukia mwarobaini na mwembe. Mimi hutumia mwarobaini. Huota upesi na hukubali kung'arishwa. Msuka wa visu vyangu, yaani ile sehemu ya chuma iingiayo katika mpini, huuacha mpana kama mpini wenyewe, na vibao viwili hukaa ubavuni mwake, vimebanwa kwa ribiti za shaba. Ribiti ni vitu vidogo, msomaji, vidogo kama skrubu. Huziokota kwa kijiti chenye nta katika ncha yake. Kingewekwa mezani siku ile kijiti cha thamani ya senti tano, na mimi ningeliokota.

Mzee alifariki mwaka 2011, na kipande chake cha reli kikawa changu. Miaka michache baadaye alikuja mama mmoja auzaye samaki wa kukaanga, ambaye baridi yabisi ilikuwa imemvimbisha viungo vya vidole hata visu vya dukani vikamtoka mkononi. Alinyosha mkono wake mbele yangu, nikanyosha wangu, tukavitazama vyote viwili kwa muda. Mipini mingi ya dukani hutengenezwa kwa mkono usioumwa: ni myembamba, na mpini ukiwa mwembamba vidole hulazimika kukaza zaidi ili usigeuke, na kukaza ndiko kunakouma. Nilimkandia donge la unga wa ngano, nikamwambia alifumbate kama anayekata samaki, bila kulibana. Likabaki na umbo la mkono wake, mabonde na vilima vyote. Nilikichonga kile mbao kikawa sawasawa na donge, kinene katikati, bapa kidogo ubavuni ili kisizunguke, na msuka nikaupandisha juu ya mstari wa makali ili kifundo cha mkono kisipinde akatapo juu ya ubao.

Alikijaribu pale pale kwa changu aliyekuja naye ndani ya beseni. Alimpasua samaki mzima bila kupumzika, akamgeuza, akampasua wa pili. Kisha akaniambia kwamba mpini una sura ya muhogo, kwamba hajapata kuona kisu kibaya namna ile, na kwamba kwa sababu hiyo nimpunguzie bei. Sikumpunguzia. Akalipa, akaenda zake. Juma la pili alirudi pamoja na dada yake, na dada yake alikuwa amebeba donge la unga, limefungwa katika kitambaa kibichi lisikauke njiani.